Aliyegonga Mlango wa Kijani

Kila siku shule ikitoka, saa tisa na nusu, Kiherehere hakwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu. Alikatiza uwanja wa chuo kikuu, akapanda ngazi ishirini na mbili za mbele ya maktaba, kisha akashuka nyingine kumi na moja hadi ghorofa ya chini kabisa, ambako mama yake alikuwa msimamizi wa usafi. Kiherehere halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama alimpa akiwa na miaka minne, siku aliyoingiza kidole kwenye tundu la kufuli ili ajue ufunguo huwa unajisikiaje. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa amefanya jambo lolote la kumfanya mtu afikirie kulibadilisha.

Huko chini palikuwa na harufu ya karatasi za zamani na sabuni ya kudekia. Madirisha yalikuwa membamba, yapo juu karibu na dari, kwa sababu upande ule wa jengo ulikuwa umezama ardhini. Ukiangalia nje ulikuwa unaona viatu tu. Kiherehere alifanya hesabu zake chini ya dirisha moja, na alishawajua watu wa chuo kwa miguu yao. Ndala zinazokimbia ni mwanafunzi aliyechelewa. Visigino vinavyogonga polepole ni mhadhiri anayejua kwamba hawawezi kuanza bila yeye. Buti zenye matone ya rangi ni seremala. Aliweza kukaa saa nzima akiwasalimia watu kimoyomoyo bila kuona uso hata mmoja.

Mwisho wa ukumbi, upande wa nyuma, palikuwa na mlango wa chuma wa rangi ya kijani. Ulifungwa kwa komeo kwa ndani, na mbele yake lilisimamishwa kabati la magazeti ya zamani. Wafagizi hawakupenda hata kuutazama. Ikikaribia saa kumi waliegemeza madekio ukutani, wakapanda juu mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, mmoja kiu, mwingine simu, mwingine tumbo. Mama akabaki peke yake na ndoo tano.

Saa kumi ikafika, na mlango ukagongwa mara tatu. Ngo. Ngo. Ngo.

Halikuwa jambo la kila siku. Lilikuwa la Jumanne na Alhamisi tu, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi, maana kitu kinachofuata ratiba kina akili.

Jumatatu ya wiki ya nne ya muhula mkutubi mkuu alishuka mwenyewe, mikono nyuma, akawaambia wafagizi kwamba amechoka. Kama hakuna anayetaka kufanya kazi huku chini, basi Ijumaa saa kumi ghorofa hii itafungwa moja kwa moja. Seremala atakuja kupigilia mbao kwenye mlango wa kijani, lifti itazimwa, na wafagizi watapelekwa mabwenini. Wafagizi walishusha pumzi kwa furaha. Mama hakufurahi, maana ghorofa ile aliitunza miaka sita kama sebule yake. Kiherehere aliinamisha kichwa kwenye daftari. Moyoni alisema afadhali. Ikifungwa, imekwisha, na hakuna atakayejua yalianza vipi.

Yalianza naye.

Wiki ya kwanza ya muhula, siku moja hesabu zilipomchosha, aliwakalisha wafagizi wawili kwenye ndoo zilizopinduliwa akawapa hadithi. Mmoja alikuwa kaka mmoja aliyeitwa Mrefu, anayebadilisha balbu bila kupanda kiti. Mwingine aliitwa Bi Harusi kwa sababu alikuwa na wiki mbili tangu aolewe na bado alikuja kazini na hina mikononi. Kiherehere aliwaambia kwamba zamani kuna bibi aliazima kitabu humu, akafa kabla hajakirudisha. Tangu hapo anakuja jioni kukirudisha, lakini hawezi kuingia kwa sababu wafu hawapewi kitambulisho cha maktaba. Basi anagonga tu ule mlango wa kijani. Anagonga mara tatu, kama watu wanavyopiga hodi.

Halafu, mkono wake ukiwa nyuma ya rafu, aligonga chuma cha rafu kwa mpini wa ufagio. Mara tatu.

Mrefu alifika kwenye ngazi wa kwanza. Bi Harusi aliacha ndala moja. Kiherehere alicheka hadi akakaa sakafuni. Lakini kesho yake yule bibi alikuwa tayari ana macho mekundu, na ilipofika Ijumaa kuna mtu alishamsikia akipumua. Wafagizi wakalisukuma lile kabati mbele ya mlango, na mtoto akaona si busara kuwaharibia kazi waliyoitolea jasho.

Wiki ya pili, Jumanne, saa kumi, mlango ukagongwa kweli.

Kila mtu aliyekuwa pale alimwogopa bibi. Kiherehere aliogopa kuliko wote, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua kwamba hakuna bibi. Sasa ni nani?

Jumanne hii, baada ya lile tangazo, mama aliitwa juu kusaini karatasi za uhamisho. Kiherehere alibaki peke yake. Mvua ilikuwa inanyesha, na umeme ukawa unakuja na kuondoka, taa zinafumba na kufumbua. Alikaza macho kwenye hesabu. Namba zilisimama tu pale, haziongezeki wala hazipungui.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hakukimbia. Hata yeye hakujua kwa nini. Labda ni ile tabia ya kutia kidole kwenye tundu. Alitembea ukumbini akijishika kwenye rafu, akalala kifudifudi mbele ya kabati, shavu kwenye sakafu yenye ubaridi, akachungulia chini ya kabati hadi chini ya mlango. Palikuwa na upenyo wa vidole viwili, na mwanga wa kijivu wa mvua ukapita hapo.

Alitafuta miguu. Mtu akisimama mlangoni utaona vivuli vya miguu yake, hilo alilijua kuliko mtu yeyote wa jengo lile. Hakuona miguu. Aliona vivuli viwili vyembamba kama vya fimbo, vimesimama mbali mbali, na katikati yake hapakuwa na kitu. Maji yalidondoka kutoka juu katikati pale, tone, tone, juu ya mahali ambapo miguu ingekuwa.

Kisha sauti ikasema, polepole, karibu kabisa na chuma:

"Najua mpo. Nasikia mnavyonyamaza."

Kiherehere alipanda ngazi kumi na moja bila kukanyaga zaidi ya tatu.

Jioni ile, wakati mama anamenya viazi, alitaka kusema. Alishafungua mdomo. Mama akamtangulia, akasema kuna maneno yanazunguka kazini kwamba habari za bibi zilitoka kwa mtoto wake. "Nimewaambia wakome," mama alisema, akakata kiazi katikati. "Mwanangu ana mdomo, sikatai, lakini si mtu wa kutisha watu wanaotafuta riziki." Kiherehere akafunga mdomo. Viazi vile hakuvimaliza.

Jumatano nzima ule upenyo ulimkaa kichwani. Mwalimu alimwuliza mji mkuu, akajibu miguu.

Alhamisi alipotoka shule hakupanda ngazi za mbele. Alizunguka nyuma ya maktaba, mahali ambapo hakuwa amefika tangu likizo ndefu, kwa sababu huko hakukuwa na njia ila magugu na matanki ya maji. Sasa palikuwa na njia. Ilikuwa ya saruji mpya, laini, pana, inapanda polepole bila ngazi hata moja hadi kwenye ule mlango wa kijani. Huku nje mlango haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo, ulikuwa chuma kitupu.

Juu ya saruji, matope yalikuwa yameandika. Mistari miwili ilipanda ikiwa sambamba hadi mlangoni, ikapinda, ikarudi. Chini yake kulikuwa na mistari mingine iliyokauka, na chini ya hiyo mingine iliyofifia. Alitafuta alama ya unyayo mmoja tu. Hakuipata. Kitu kilichokuwa kinakuja hapa kilikuja mara nyingi, kilisimama, kilirudi, na hakikuwahi kukanyaga ardhi.

Nyuma yake kitu kikalia kwii, kikanyamaza. Kwii tena, karibu zaidi. Kiherehere hakugeuka. Alitaka, ila shingo ilikataa.

"Wewe mtoto," ile sauti ikasema. "Ukisimama katikati hapo mimi nitapitia wapi?"

Aligeuka. Alikuwa dada wa chuo kwenye kiti cha magurudumu, amevaa glavu za ngozi zilizokatwa vidole, na mapajani ana mfuko wa plastiki wenye vitabu. Miguu yake ilikaa juu ya kibao cha kiti, imerukiwa na matope hadi magotini. Gurudumu moja lilihitaji mafuta.

Kiherehere alisema shikamoo kwa sauti iliyotoka nusu. Yule dada akaitikia marahaba, akamwuliza kama yeye ni wa humu ndani, na kama ni wa humu, amwambie, watu wa humu wana shida gani. Wenzake darasani walimwita Wakili, kwa sababu alisoma sheria na kwa sababu hakuwahi kukubali kushindwa katika ubishi. Alizungumza haraka, kama mtu aliyekosa wa kuzungumza naye.

Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa chini kwenye ukuta, ndani ya plastiki: GONGA MARA TATU. UTAFUNGULIWA. Ndivyo alivyoambiwa muhula ulipoanza. Njia imejengwa, lifti inaanzia ghorofa ya chini, yeye agonge tu. Amegonga wiki tatu, kila Jumanne na Alhamisi, siku ambazo hana kipindi cha jioni. Alipokwenda ofisini kulalamika walimwambia haiwezekani, huko chini kuna wafagizi saa zote, labda hagongi vizuri. Vitabu vya sheria anavyovihitaji viko ghorofa ya tatu na haviazimwi kutoka nje. Kazi yake anatakiwa kuikabidhi Jumatatu. Ile ya kwanza alipata sifuri kwa sababu hiyo hiyo, na akipata sifuri ya pili anatolewa chuoni.

Kiherehere aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini wenzake wasimbebe pale mbele.

"Walinibeba mara moja. Waliniangusha ngazi ya tisa." Wakili alisema hivyo kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Na hata wasingeniangusha. Wewe unabebwa kwenda kusoma?"

Kisha akasogea hadi mlangoni na kugonga. Kiherehere alisimama pembeni yake, kwa mara ya kwanza akiwa upande ule mwingine. Alisikia vyote. Alisikia dekio likianguka. Alisikia sauti ya Mrefu ikinong'ona amekuja, amekuja, na ndala zikipanda ngazi. Kisha kimya, kile kimya cha watu waliopo. Aliona jinsi Wakili alivyoinamisha kichwa kukisikiliza.

"Unaona?" Wakili alisema. "Mara nyingine najiuliza kama nilishakufa, ila hakuna aliyenipa taarifa."

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Alichoweza ni kumwomba arudi kesho saa kumi kamili, hata kama si siku yake. Wakili akauliza kuna nini kesho. Kiherehere akajibu kwamba kesho mlango unapigiliwa mbao.

Ijumaa saa kumi kasoro dakika tano, ghorofa ya chini ilijaa watu kama msibani. Mkutubi mkuu alikuwa na karatasi yake. Seremala alikuwa na nyundo, misumari mdomoni, na mbao nne zimeegemea kabati. Wafagizi walisimama karibu na ngazi kwa tahadhari. Mama alishika ndoo bila sababu. Umeme ulikuwa umekatika, na ule mwanga mwembamba wa madirisha uliwafanya wote waonekane kama picha za zamani.

Kiherehere alipenya katikati yao. Alisema anataka kusema jambo. Mkutubi mkuu akamwambia watoto wasubiri juu. Alisema hawezi kusubiri, na akasema, akitazama viatu vyao maana ndivyo alivyovizoea, kwamba hakuna bibi. Hakuna kitabu kilichoazimwa. Yeye ndiye aliyegonga rafu kwa ufagio ile wiki ya kwanza, na bibi alimtunga kwa sababu hesabu zilikuwa ngumu.

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, hakujiandaa kwa hilo. Bi Harusi alitazama vidole vyake, hina ilishafifia. Alisema taratibu kwamba wiki tatu amekuwa akiota mtu anapumua kitandani kwake. Mrefu alisema mtoto anadanganya sasa hivi, maana yeye amesikia kugonga kwa masikio yake jana.

"Jana alikuwa mtu," Kiherehere alisema. "Yuko nje. Ni mwanafunzi. Siku zote alikuwa mtu."

Alipomtazama mama yake, mama alikuwa ameweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mmoja wa wafagizi alipiga kelele ndogo na kuizuia kwa kiganja. Seremala alitema misumari mkononi. Watu wazima kumi walisimama pale, na hata baada ya kuambiwa, hakuna aliyesogea, kwa sababu mtu akishaogopa wiki tatu, miguu yake haisikilizi maelezo. Kiherehere alienda peke yake. Alisukuma kabati. Halikusogea hata unywele. Alisukuma tena, kwa bega, viatu vinateleza kwenye sakafu ambayo mama yake mwenyewe aliipiga deki asubuhi.

Mikono mingine ikafika juu ya yake. Ilikuwa na harufu ya sabuni. Mama hakumtazama, alisema tu, "Sukuma." Kabati likalia sakafuni kwa mlio mrefu mbaya, magazeti yakamwagika, mama akavuta komeo.

Mwanga uliingia na upepo wa mvua. Wakili alikaa pale, amelowa, ngumi bado iko hewani. Aliwaangalia wote, mmoja mmoja, wale watu ambao kwa wiki tatu alikuwa amewajua kwa kimya chao tu.

"Hamjambo," alisema. "Maktaba inafungwa saa ngapi?"

Mama alivua kanga begani, akamfunika nayo miguu, akamwambia karibu mwanangu, pita. Na akageuka kwa wenzake. "Mtu amepiga hodi wiki tatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema karibu. Hata nani hatukuuliza."

Mkutubi mkuu aliikunja karatasi yake mara nyingi hadi ikawa ndogo kama sukari ya mchemraba. Kisha alikiri lake. Likizo ndefu alimwagiza mzee mmoja tu, mfagizi wa zamani, kwamba atakayegonga mara tatu afunguliwe. Yule mzee alistaafu wiki iliyofuata, na agizo likastaafu naye. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka kuona kama linafuatwa. Alisema ataandika barua leo leo kwa mwalimu wa Wakili kwamba kosa la sifuri ni la maktaba, na kwamba mlango huu utakuwa na mtu wa zamu kila siku wa kufungua.

"Sitaki mtu wa zamu," Wakili alisema. "Mtu wa zamu ataumwa, atakunywa chai, atasikia habari za bibi. Nataka kitasa. Hapa, kwa nje, kimo cha mkono wangu. Nyie wote mnaingia bila kumwomba mtu."

Mkutubi mkuu alifungua mdomo ili abishane, akakumbuka anabishana na nani. Seremala alishapiga magoti, anapima kwa shubiri kutoka sakafuni. Aliuliza kama Wakili anapenda cha kusukuma au cha kuvuta, na akaongeza kwamba kizingiti nacho kitang'oka, maana aliyekiweka pale hakuwahi kusukuma hata toroli. Zile mbao nne zilizoletwa kwa ajili ya kupigilia alisema zitatosha meza moja ya kimo cha kiti, ikae juu ghorofa ya tatu, karibu na vitabu vya sheria.

Umeme ulirudi saa kumi na moja. Lifti ikaguna, ikampandisha Wakili juu. Maktaba hufungwa saa mbili, lakini siku ile na Jumamosi mkutubi mkuu alikaa na funguo mkononi hadi Wakili alipomaliza. Jumatatu kazi ilikabidhiwa.

Lakini Ijumaa ile ile, baada ya watu kuondoka, mama na mtoto walibaki kuokota magazeti. Hatimaye Kiherehere akauliza kama atapigwa.

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ukipigwa, kesho utakuwa umeshasahau. Jumatatu utamwomba msamaha Bi Harusi na Mrefu, kila mtu peke yake, na wao ndio watakaosema umesamehewa au bado. Yule dada pia utamwambia ukweli wako, kwa mdomo wako, usingoje asikie kwa watu." Akanyoosha gazeti lililokunjika. "Nisikilize. Utani uliufanya siku moja. Hata mimi nilikuwa mtoto. Lakini kila Jumanne na kila Alhamisi uliposikia mlango unagongwa na ukajua unachokijua, ukanyamaza, siku hiyo uliufunga upya. Mimi nikasimama mbele za watu nikakutetea. Ukishaharibu, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kuna mtu yuko nje kwenye mvua, na wewe hata humjui."

Kiherehere alisema ndiyo, mama. Alitaka kuongeza kitu, kwa mazoea, akaona hakuna cha kuongeza.

Mrefu alimsamehe Jumatatu, kabla hata hajamaliza sentensi. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza maswali saba kama yuko mahakamani, kisha akamtuma alete mafuta ya gurudumu. Bi Harusi alichukua wiki mbili, na hizo wiki mbili zilikuwa ndefu.